Ramadhani, Siku ya 16: Mabati Yaliyo Uvunguni



Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imetaja mafungu manane ya wanaopewa zaka. La kwanza mafakiri, la pili maskini. La tatu je? Wengi tukiulizwa tunaruka moja kwa moja kwenye wenye madeni. La tatu ni wanaoifanyia kazi hiyo zaka: wanaoikusanya, wanaoandika majina, wanaoigawa. Karani wa orodha katajwa kabla ya mwenye deni na kabla ya msafiri. Maana yake kuwahudumia maskini ni kazi yenye watu wake, daftari lake na hesabu yake, na watu hao nao wataulizwa.

Nayasema haya kwa sababu ya swali nililoletewa wiki hii. Mama mmoja mjane ni mlengwa wa TASAF. Nyumba yake ni ya makuti na inavuja. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam kamtumia pesa, naye kanunua mabati kumi na mawili. Lakini mabati yako uvunguni mwa kitanda, mwezi wa tatu huu. Majirani wamemwambia kwamba akiezeka tu, siku dodoso likipita ataandikwa kuwa ana nafuu, na ruzuku ndiyo basi. Anauliza: Sheikh, kuyaficha ni dhambi?

Tusikimbilie kujibu. Tuangalie kwanza orodha yenyewe inapatikanaje.

TASAF ilianza mwaka 2000, na huu mpango wa kunusuru kaya maskini ukaja baadaye. Utaratibu wake mnaujua. Mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa unataja kaya zilizo duni kabisa. Kisha kaya zile zinajaziwa dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, choo kikoje, wanaishi wangapi, wana mali gani. Majibu yanapigiwa hesabu, na majina yanarudi tena kwa wananchi kuthibitishwa. Malipo ni kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake ina masharti: mtoto ahudhurie shule, mdogo apelekwe kliniki.

Ile hatua ya mkutano ina asili nzuri sana. Katika Sahihi Muslim kuna hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, Mtume (s.a.w.) akimweleza nani anaruhusiwa kuomba. Katika watatu aliowataja, mmoja ni aliyepatwa na ufukara, mpaka watu watatu wenye akili katika kaumu yake wakasimama kusema kwamba kweli fulani kafukarika. Hakusema matajiri watatu, wala viongozi watatu. Wenye akili, tena katika watu wake, yaani wanaomjua anapikaje na analalaje.

Dodoso lina kazi nyingine. Dodoso halimjui mtu, na hiyo ndiyo faida yake: halina shemeji wala mkwe. Lakini linaona paa tu, halioni bati limetoka wapi. Na mtu akishajua kwamba anapimwa kwa paa, ataanza kuliogopa paa lake mwenyewe. Tumefika pabaya hapo. Msaada ulikuja ili mama atoke kwenye makuti, na sasa kwa hofu ya kuukosa anabaki kwenye makuti. Lile lile tulilotaka alipate ndilo analolikimbia!

Jambo hili si geni. Sayyidna Umar (r.a.) alipoanzisha diwani, yaani daftari la posho za watu, aliweka kanuni kwamba mtoto anaandikiwa fungu lake akishaachishwa ziwa. Kanuni ina akili: anayenyonya hali chakula bado. Ibn Saad amepokea kwamba usiku mmoja Umar alikwenda na Abdurrahman bin Auf kuwalinda wasafiri waliopiga kambi nje ya mji. Akasikia mtoto analia. Akamwambia mama amwangalie mwanawe. Baadaye kilio tena, akarudi tena. Mwisho wa usiku akamkemea kabisa kwamba ni mama mbaya. Yule mama, asiyejua anasema na nani, akamjibu kuwa amemchosha usiku kucha. Anamwachisha ziwa mtoto naye hataki. Kwa nini umwachishe mapema? Kwa sababu Umar hawapi posho ila walioachishwa.

Inasimuliwa kwamba katika sala ya alfajiri watu hawakuisikia vizuri kisomo chake kwa kulia. Alipotoa salamu akajilaumu kwa watoto ambao huenda wamekufa kwa kanuni ile. Kisha akamwamuru mpiga mbiu atangaze: msiharakishe kuwaachisha watoto, kila mtoto anayezaliwa ana fungu lake. Na akawaandikia hivyo magavana wa miji mingine.

Tuangalie alichokifanya na asichokifanya. Hakumpeleka yule mama kwa kadhi kuwa anadanganya daftari. Hakutuma askari kukagua nani ananyonyesha kwa siri. Aliona kwamba kanuni imemfanya mama amdhuru mwanawe kwa mkono wake, akaifuta kanuni. Zanzibar nao walichukua njia inayofanana na hiyo: Pensheni Jamii iliyoanza Aprili 2016 inatolewa kwa kila mzee aliyefika miaka 70, mwenye bati na mwenye makuti. Hakuna mzee anayehitaji kuficha kitu ili aipate. Kwa kila kundi haiwezekani, najua, fedha hazitoshi. Lakini anayetunga kanuni inampasa akae ajiulize kanuni yake inamfundisha maskini kufanya nini.

Sasa nirudi kwa mama. Katika fiqhi yetu ya Shafii, Imam Nawawi ameandika katika Minhaj kwamba nyumba mtu anayoishi na nguo anazovaa hazimtoi katika ufakiri. Kwa hiyo kwa upande wa zaka, hata akiezeka bati bado ni fakiri, ana haki yake. Aezeke, masika hayo yanakuja.

Lakini ruzuku ya TASAF si zaka. Ni mali ya umma, na sehemu yake ni mikopo ya Benki ya Dunia ambayo wajukuu zetu watailipa. Ina masharti yake, na Waislamu tunafungwa na masharti tuliyoyakubali. Kwa hiyo akiulizwa, aseme kweli: bati lipo, kanunua mwanangu. Kuweka bati uvunguni si dhambi, ni mali yake. Kusema sina chochote, hilo ni uongo, na ufukara hauugeuzi uongo kuwa kweli. Ila msinipelekee uongo wa mjane anayeogopa njaa kwenye mizani moja na uongo wa mtu aliyemwingiza mdogo wake mwenye duka kwenye orodha. Huyo wa pili namuogopea zaidi. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akisema hii yenu, hii nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza: angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Kila mwenye kalamu ya kuandika majina ajiulize swali hilo kabla ya kulala.

Limebaki la majirani. Nani alimwambia mama habari ya kukatwa? Sisi. Nani alikwenda naye kwa kamati ya mpango ya pale mtaani, au kwa mratibu wa halmashauri, kuuliza kama ni kweli? Hakuna. Dodoso linauliza mengi, bati ni moja tu, na huenda miezi yote mitatu kanyeshewa kwa maneno ya barazani. Na ule mkutano wa kutaja kaya, wale watatu wenye akili aliowataja Mtume wanatakiwa wawe wamekaa pale, si wajitokeze baada ya orodha kubandikwa, kuanza kusema mbona fulani kaingia, mbona fulani kaachwa.

Vijana watano wanaojua kusoma fomu na wenye nafasi baada ya Alasiri wajiandikishe kwa katibu wa msikiti. Wazee kadhaa wana karatasi nyumbani hawajui zimeandikwa nini. Na mafundi, zipo nyumba mbili za kuezeka kabla ya Idi, msumari tunao, mbao bado.

Darsa la kesho inshaallah: Zakatul-fitri, kiasi chake na wakati wake.