Sakafu, Heshima na Hesabu

Wazee wetu waliposema kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, walitukumbusha kuwa kila kitu cha manufaa kina kazi na gharama iliyokitangulia. Usemi huo ni kweli kwa vyombo vya baharini, na ni kweli kwa nyumba pia. Paa huonekana kutoka mbali na mlango husifiwa na wapita njia. Lakini sakafu, ambayo ndiyo ibebayo wote waliomo, haitajwi mpaka ipasuke. Katika insha hii tunakusudia kuitazama sakafu kwa jicho la maadili, na kuuliza swali ambalo kila mwenye nyumba hulijibu hata kama hajalitamka: mtu mwenye fedha kidogo, aishiye mahali ambapo saruji ni ghali, anapotaka kusakafia nyumba yake, aanzie chumba gani, na kwa nini?

Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni swali la fundi mwashi na karani wa mahesabu. La hasha. Makadirio ya matumizi ni orodha ya nani atangulie na nani angoje. Mtu aweza kuhutubia mkutano mzima juu ya upendo wa watoto, lakini ukitaka kujua anachokipenda, tazama mfuko wake wa kwanza wa saruji ulimwagwa wapi.

Tuchukue mfano wa Kaniha, katika pande za Biharamulo na Ngara, Mkoa wa Kagera. Mkulima wa huko ana udongo bila kununua, tena udongo mzuri wa kufyatulia matofali ya kuchoma. Saruji, kwa upande wake, ni mgeni aliyesafiri. Kiwanda cha kwanza cha saruji nchini kilianza kazi Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966, na cha Tanga kikafuata mwaka 1980. Vyote viwili viko upande wa bahari, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Biharamulo. Shehena iliyopitia Mwanza ilingoja kivuko cha Busisi kwa miaka mingi, mpaka daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Kila kilometa huongeza kitu juu ya bei, na mnunuzi wa mwisho ndiye alipaye safari yote.

Kwa kuwa bei hubadilika kila msimu, tunawashauri wasomaji wahesabu kwanza kwa mifuko, kisha kwa shilingi. Bei ya mwaka jana yaweza kumdanganya mtu, bali mita ya mraba haidanganyi. Sakafu ya kawaida ya nyumba ya kijijini huwa na kifusi kilichoshindiliwa, juu yake jamvi la zege la sentimeta 5, na juu ya jamvi lipu laini ya sentimeta 2 hivi. Kazi hiyo, pamoja na kinachomwagika na kupotea, hula karibu nusu mfuko wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12; hivyo kitahitaji mifuko 6. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48, nayo itahitaji mifuko 24, yaani kilo 1,200 za saruji. Hapo hatujataja mchanga, kokoto, mawe, maji ya kuchotwa, ujira wa fundi, wala nauli ya gari kutoka barabara kuu. Mkulima akishapata jumla hiyo, aigeuze tena iwe magunia ya mahindi au maharage atakayolazimika kuuza. Ndipo atakapoona kwa macho yake kwamba sakafu nzima ni mavuno ya misimu kadhaa, na kwamba hana budi kuchagua.

Sasa twende kwenye uchaguzi wenyewe. Desturi iliyoenea katika nyumba nyingi ni kuanza na sebule. Mifuko sita ya kwanza humwagwa pale anapoketi mgeni. Pakishapigwa niru na kung'arishwa, mwenye nyumba huanza kungoja fedha za vigae, ili pale palipokwisha kuwa pazuri pawe pazuri zaidi. Wakati huohuo chumba cha nyuma, wanamolala watoto juu ya mkeka, kinabaki vumbi tupu. Miaka hupita, watoto hukua, na zamu ya chumba chao haifiki.

Hatupendi kuwahukumu kwa haraka wafanyao hivyo. Kumheshimu mgeni ni nguzo ya utamaduni wetu, na sakafu ni sehemu ya heshima hiyo tangu kale. Wahaya, majirani wa Biharamulo kwa upande wa kaskazini, walitandika nyasi safi ndani ya msonge ili aingiaye akanyage mahali laini penye harufu njema. Katika miji ya kale ya Waswahili, kama Lamu na Zanzibar, sakafu za ghorofa zilijengwa kwa boriti, mawe na chokaa, zikatwangwa kwa muda mrefu huku watu wakiimba, mpaka chokaa ikashikana. Kwa hiyo atakaye sakafu nzuri hafuati ugeni wowote. Anafuata jambo ambalo wazee wake walilijua na kulipenda.

Hata hivyo wazee walitia mpaka katika heshima ya mgeni. Walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mgeni naye huhesabiwa kwa muda wa kukaa kwake. Tukikitumia kipimo hicho, jibu la swali letu linaanza kuonekana. Mgeni huketi kitini saa moja, viatu vikiwa miguuni. Mtoto mchanga hutambaa kutwa nzima, mikono yake ikitoka sakafuni kwenda kinywani. Mgonjwa na mzee hulala hapohapo usiku na mchana. Nani, basi, mwenye haki kubwa zaidi juu ya mifuko sita ile?

Afya nayo inatoa ushahidi. Chukua mfano wa funza. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Alifika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, akalivuka bara pamoja na misafara, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kufika nchi za Ziwa Victoria na Zanzibar. Makao yake ni vumbi kavu, hasa vumbi la ndani ya nyumba, na waathirika wake wakuu ni watoto na wazee. Nchini Meksiko, serikali ya Jimbo la Coahuila ilianza mwaka 2000 mpango ulioitwa Piso Firme, wa kuzipa familia maskini hadi mita za mraba 50 za sakafu ya saruji badala ya udongo. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizopata sakafu hizo na nyumba zilizokosa, waliona kwamba minyoo, kuhara na upungufu wa damu vilipungua kwa watoto, na kwamba mama zao walikuwa na huzuni na wasiwasi kidogo zaidi kuliko wenzao. Faida hizo zote zinapatikana pale mwili unapogusana na sakafu. Mgeni aliyevaa viatu hana fungu kubwa ndani yake.

Yuko atakayeuliza: na yule asiyeweza kununua hata mifuko sita, angoje mpaka lini? Mwaka 1977, alipoitazama miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere aliwalaumu wananchi waliokataa kujenga nyumba bora za matofali ya kuchoma na vigae vya udongo kwa sababu walikuwa wakingoja mabati na saruji. Aliona kwamba saruji imepewa utukufu kwa sababu tu inahesabiwa kuwa udongo wa Ulaya. Lawama hiyo ingali na nguvu leo. Anayengoja mifuko 24 ndipo aanze, mara nyingi hufa akingoja.

Lakini kutongoja hakuna maana ya kuliacha vumbi. Mama zetu wamejua siku zote kwamba udongo wa kichuguu, ukitwangwa, ukalowekwa na kushindiliwa, hushikana kuliko udongo wa kawaida, na kwamba kuusiriba kwa samadi hupunguza vumbi. Ng'ambo ya Rusumo, nchini Rwanda, shirika la EarthEnable lilianza katika miaka ya 2010 kutengeneza sakafu za changarawe, mchanga na udongo ulioshindiliwa kwa tabaka, kisha kupakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji. Gharama yake iko chini sana ya saruji. Hapa pana somo la kitaifa: maarifa ya mama na maarifa ya mtaalamu yakikutana, maskini hupata sakafu bila kungoja gari la mbali.

Tumemtaja mama kwa makusudi. Katika nyumba nyingi mwanamke ndiye afagiaye sakafu, aisiribaye, na amwuguzaye mtoto aliyeugua kwa ajili yake. Fedha zinapohesabiwa, mara nyingi huitwa baada ya uamuzi kukatwa. Hilo ni kosa la haki, na ni kosa la hesabu pia, kwa maana ajuaye sakafu inavyotumika hakuulizwa.

Tena pana hatari ya deni. Mtu auzaye shamba, au akopaye ada ya shule ya mwanawe ili aweke vigae sebuleni, amenunua sifa ya siku moja kwa taabu ya miaka. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sakafu ya udongo iliyoshindiliwa vizuri, ambayo haidaiwi na mtu, ina heshima kuliko kigae kinachong'aa juu ya deni.

Jibu letu, basi, ni hili. Chumba alalacho mnyonge wa nyumba kitangulie, sebule ifuate, urembo uje mwisho, nao uje kwa furaha, kwa sababu uzuri si dhambi. Asiye na saruji ashindilie udongo leo, bila kuona haya. Na hesabu ifanywe mezani, baba na mama wakiwa wote wawili.

Tunawaomba walimu walipeleke jambo hili darasani. Wanafunzi wapime vyumba vya kwao, wakokotoe mita za mraba na mifuko, kisha waandike chumba kipi kitangulie na sababu zake. Watajifunza hisabati na maadili kwa somo moja. Siku watakapokuwa na nyumba zao wenyewe, watajua kwamba mgeni mwema, akiambiwa kuwa sebule ina vumbi kwa sababu watoto wamesakafiwa kwanza, ataketi kwa raha, na ataona kwamba amepokewa katika nyumba ya watu wenye akili.