Ukweli wa Shahidi, Ukweli wa Habari

Usiku wa tarehe 3 Machi 1968, watu wa majimbo kadhaa ya Marekani, kuanzia Tennessee hadi Pennsylvania, waliinua vichwa wakaona moto ukikata anga. Baadhi yao waliketi wakaliandikia Jeshi la Anga. Barua moja ilieleza chombo kinene chenye umbo la sigara, kikubwa kama ndege ya abiria au zaidi, chenye madirisha ya mraba yaliyokuwa yakiwaka kutoka ndani, na mwili wa mabati yaliyoungwa kwa ribiti. Mwalimu mmoja wa Ohio, aliyetazama kwa darubini ya mkononi, aliona vitu vitatu vyenye umbo la sahani iliyofunikwa, na mbwa wake akilia kwa woga. Watu hawa walikuwa wamesoma, wanaheshimika mitaani kwao, na hawakuwa na cha kupata kwa kudanganya.

Kilichopita kilikuwa mabaki ya roketi ya Kisovieti iliyokuwa imerusha chombo cha Zond 4 siku iliyotangulia. Yalikuwa yakirudi angani mwa dunia na kuungua, makumi ya kilomita juu ya vichwa vyao. Madirisha hayakuwapo, wala mabati, wala ribiti. Kulikuwa na vipande vya chuma vinavyowaka, vikifuatana kwa mstari, na giza katikati yake. Mwanaastronomia William Hartmann, aliyezichambua barua hizo kwa ajili ya tume ya Chuo Kikuu cha Colorado ya kuchunguza ripoti za vitu vya angani, iliyoongozwa na Edward Condon, alionyesha jinsi akili zilivyolichukua lile giza katikati ya taa na kulifanya mwili wa chombo. Inafaa kusema pia kwamba mashahidi wengine wa usiku uleule waliandika sawasawa: taa kadhaa, mstari mmoja, hakuna sauti, basi.

Kisa hiki kina uzito kuliko visa vyote vya visahani vinavyoruka ninavyovijua, kwa sababu jibu lake lipo. Mara nyingi tunabishana juu ya mashahidi bila kuwa na njia ya kuwapima. Hapa tunayo. Na kipimo kinatuambia jambo gumu: mtu aliyeona madirisha na mtu aliyeona taa tupu ni wakweli sawasawa. Ukiwaapisha wote wawili, wataapa kwa dhamiri safi.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilifahamu tatizo hili karne nyingi kabla ya ndege ya kwanza kuruka. Mpokezi wa habari walimpima kwa sifa mbili. Ya kwanza ni uadilifu: je, ni mtu mkweli, mwenye dini, asiyejulikana kwa uongo? Ya pili ni dhabti: je, anahifadhi barabara na kufikisha kama alivyopokea, bila kuongeza wala kupunguza? Mtu aliweza kuwa mchamungu ambaye mji mzima unamwomba dua, na bado habari yake ikaitwa dhaifu kwa kuwa hifadhi yake ilikuwa ikichanganya. Kumwambia hivyo hakukuwa kumtukana. Sifa moja ni ya moyo, nyingine ni ya kazi inayofanywa na macho, masikio na kumbukumbu.

Ubishi juu ya vitu vya angani umekwama kwa zaidi ya miaka 70 kwa sababu sifa hizi mbili zimefungwa katika kifurushi kimoja. Anayeamini husema, "Huyu ni rubani wa jeshi, atadanganya kwa nini?" Anayekataa hujiona analazimika kumfanya rubani mwongo, mlevi au mpenda sifa. Wote wawili wamejibu swali la uadilifu, na swali la dhabti limebaki pale pale halijaguswa.

Watu husema pia: lakini walioona ni wengi. Wengi wape. Hapa tena kanuni ya kale inasaidia. Ili habari iitwe mutawatiri, yaani iliyopokewa na wengi kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekula njama, mwanazuoni wa hadithi Ibn Hajar al-Asqalani na wenzake waliweka sharti ambalo wengi wetu hatulikumbuki: habari hiyo lazima iishie kwenye hisia, kwenye "tuliona" au "tulisikia", isiwe jambo walilolifikia kwa kufikiri. Watu elfu moja wakisema waliona moto unapita, wingi wao unaongeza nguvu. Watu elfu moja wakisema kilichopita kilikuwa chombo chenye abiria, wingi wao hauongezi kitu, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewaona abiria. Kila mmoja amehitimisha, na akili zenye umbo moja huhitimisha kwa njia moja. Kosa la macho ya binadamu halihitaji kikao ili lirudiwe na watu mia.

Mpaka huu kati ya kuona na kuhitimisha hupita mahali ambapo hatuutazamii. Tarehe 24 Juni 1947, Kenneth Arnold, mfanyabiashara aliyekuwa akiendesha ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu tisa vinavyong'aa vikienda kwa safu. Alifanya jambo la busara ambalo wachache wangelikumbuka: alitazama saa ya ndege na kupima muda viliotumia kutoka Mlima Rainier hadi Mlima Adams. Dakika 1 na sekunde 42. Kutokana na hapo akapata kasi ya zaidi ya maili 1,200 kwa saa, na dunia ikaingia katika zama za visahani. Saa aliisoma. Lakini kasi ilitegemea umbali wa vitu vile kutoka kwake, na umbali aliukadiria kwa macho. Kitu usichokijua ukubwa wake, kikiwa hewani bila chochote cha kukilinganisha nacho, hakikupi umbali wake hata ukikikodolea macho vipi. Hivyo ndani ya sentensi moja ya mtu mwangalifu kuna namba ya kutegemewa na namba isiyotegemeka, na gazeti likachapisha ya pili kwa herufi kubwa.

Je, sare ya jeshi haiongezi kitu? Huongeza, ila si kila mahali. J. Allen Hynek, mwanaastronomia aliyelishauri Jeshi la Anga la Marekani kuhusu ripoti hizi kwa takriban miaka 20, na ambaye mwishoni alikuwa mtetezi mkubwa wa kuzichunguza kwa dhati, aliandika katika kitabu chake cha 1977 kwamba marubani ni mashahidi dhaifu kuliko wengi wanavyodhani. Mimi naona sababu iko wazi. Rubani hafundishwi kutazama anga kama mtafiti. Anafundishwa kubaki hai. Taa ikitokea ghafla mbele yake, jambo la salama ni kudhani iko karibu na inamjia, kisha akwepe. Akikosea, amepoteza dakika. Mwenye kudhani kinyume chake akikosea, amekufa. Silika inayomfaa ndani ya ndege ndiyo inayomponza mbele ya mchunguzi.

Nahodha Thomas Mantell wa Kikosi cha Anga cha Akiba cha Kentucky alikuwa na miaka 25, mkongwe wa Vita Kuu ya Pili, aliyepewa nishani kwa kazi yake Normandy. Tarehe 7 Januari 1948, yeye na wenzake waliokuwa safarini na ndege za Mustang waliombwa na mnara wa uwanja wa Godman wakatazame kitu cheupe kilichokuwa kimening'inia angani. Wenzake waligeuka. Yeye aliendelea kupanda, akieleza kwa redio kitu cha chuma, kikubwa ajabu, kilicho juu yake. Hakuwa na oksijeni ndani ya ndege. Inaaminika alipoteza fahamu, na ndege ikaanguka karibu na mji wa Franklin. Jeshi la Anga lilisema kwanza kwamba alikuwa akiifukuza sayari ya Zuhura. Maelezo yenye nguvu zaidi yalikuja baadaye: puto la mradi wa Skyhook, kitambaa cha plastiki chenye upana wa takriban mita 30, kinachong'aa juani kama bati, kikielea juu mno kuliko Mustang yoyote ilivyoweza kufika. Mradi ulikuwa wa Jeshi la Majini, na ulikuwa siri. Hata waliomtuma Mantell hawakuwa na habari nao.

Huyu kijana hakudanganya wala hakuota. Kitu kilikuwapo, kilikuwa kikubwa, kilikuwa kinang'aa. Alichokosea ni umbali, na umbali ukamuua. Simhesabu miongoni mwa wajinga, na wanaomcheka hawajawahi kutazama kitu cheupe katika anga tupu wakaulizwa kiko wapi.

Lakini kisa chake kinafungua mlango mwingine, nao unaniudhi. Kuanzia 1955 Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, lilirusha ndege za upelelezi za U-2 kwenye kimo cha zaidi ya futi 60,000, wakati ndege za abiria za siku hizo zikiruka kati ya futi 10,000 na 20,000. Jua likishatua kwa rubani wa abiria, lilikuwa bado linapiga mabawa ya fedha ya U-2, na rubani huyo akaona moto juu yake mahali ambapo alijua hakuna ndege inayoweza kufika. Akaripoti, kama wajibu ulivyomtaka. Wachunguzi wa Mradi wa Blue Book, mradi wa Jeshi la Anga wa kuchunguza ripoti hizi, waliweza kulinganisha ripoti na ratiba za safari za siri, wakajua ni nini, kisha wakampa mwananchi maelezo mengine: chembe za barafu, tabaka za joto hewani. Mwanahistoria Gerald Haines aliyaeleza haya mwaka 1997. Hapa shahidi alikuwa sahihi kabisa, na aliyeongopa alikuwa msikilizaji. Madhara yake hayakuishia kwa rubani mmoja. Dola ikishawafundisha watu kwamba jibu lake la kawaida ni kifuniko, hata siku inaposema kweli hakuna atakayeisadiki. Wanaoshangaa kwa nini nadharia za njama haziishi Marekani wasome ukurasa huu kwanza.

Na kuna siku ambapo wasomi wenyewe ndio waliokosa dhabti. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18, mwanakijiji wa Ufaransa aliyesema ameona jiwe likianguka kutoka mbinguni alichukuliwa kuwa mshirikina. Jiwe la Lucé la mwaka 1768 lilifika mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris, na kamati iliyomjumuisha mwanakemia Lavoisier ikaamua kwamba ni jiwe la kawaida lililopigwa na radi. Mwanafalsafa David Hume alikuwa ameshaandika, mwaka 1748, kwamba mwenye hekima hupima imani yake kwa ushahidi, na kwamba habari inayopingana na mazoea yote ya wanadamu inahitaji ushuhuda mzito kupita kiasi. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini ina tundu: mazoea ya msomi wa mjini huweza kujifanya mazoea ya wanadamu wote.

Tarehe 26 Aprili 1803 mawe yapatayo 3,000 yalinyesha karibu na mji wa L'Aigle huko Normandy. Serikali ikamtuma kijana mmoja mwanafizikia, Jean-Baptiste Biot. Alichofanya ndicho ninachokitamani kwa kila ripoti ya angani. Alianza mbali na L'Aigle, akawauliza watu waliosikia mlipuko bila kujua kilichoangukia wenzao. Aliwatafuta mashahidi wa kazi tofauti, wasiojuana. Alikagua viwanda vya chuma na miamba ya eneo hilo kuona kama mawe ya aina ile yangeweza kutoka hapo, akakuta hayawezi. Alichora mahali kila jiwe lilipopatikana, na ramani ikatoa umbo refu la yai. Wakulima hakuwauliza mawe yametoka wapi. Aliwauliza waliona nini, saa ngapi, upande gani. Hitimisho lilikuwa kazi yake. Tangu hapo vimondo vina nafasi katika vitabu vya sayansi, na kile cha Mbozi kule Songwe, chuma kizito cha tani nyingi kinachotembelewa na wanafunzi wetu, hakimfanyi yeyote kuitwa mshirikina.

Ninapofikiria Biot, nawakumbuka watoto wa Ruwa, Zimbabwe. Tarehe 16 Septemba 1994, watoto wapatao 60 wa Shule ya Ariel walisema waliona kitu kinachong'aa nyuma ya uwanja wa michezo na viumbe karibu nacho, wakati walimu wako kikaoni. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi yalikuwa yameng'arisha anga ya kusini mwa Afrika, na habari za vyombo vya ajabu zilikuwa kila mahali. Watoto walikuwa wameshasimuliana kabla ya kuhojiwa, na baadhi walihojiwa kwa makundi. John Mack, daktari wa akili kutoka Harvard, alifika baada ya wiki kadhaa. Sithubutu kuwaita waongo. Wengi wao, sasa wakiwa watu wazima, bado wanasimama na maneno yao. Lakini watu wazima waliwanyima kitu ambacho kila shahidi anastahili: kusikilizwa peke yake, mapema, na mtu asiyetaka jibu fulani. Dirisha hilo limefungwa, na hakuna upole wala ukali utakaolifungua.

Mradi wa Blue Book ulipofungwa mwaka 1969 ulikuwa na ripoti 12,618, na 701 kati yake zilibaki bila maelezo. Wapo wanaozichukua hizo 701 kuwa wageni kutoka nyota nyingine, na wapo wanaosema zingekuwa na maelezo ya kawaida kama tungekuwa na taarifa zaidi. Wote wawili wanaandika juu ya karatasi tupu. Neno "sijui" linaonewa haya katika mabaraza yetu, linadhaniwa ni kushindwa, ilhali mwanazuoni aliyesema "sijui" alihesabiwa miongoni mwa waaminifu wa elimu. Hizo 701 zibaki hivyo hivyo zilivyo.

Nawe msomaji, kama usiku mmoja utaona juu ya bahari au juu ya mashamba jambo usilolielewa, usikimbilie simu kumwita mtu. Tazama saa. Tafuta mnazi, paa au mlima, uone kitu hicho kimepita upande gani wake na kwa muda gani. Hesabu taa, na usiandike mwili kama hukuuona mwili. Andika peke yako kabla hujasimulia, halafu tia sahihi na tarehe. Na kama jirani yako ndiye atakayekuja na karatasi ya namna hiyo mkononi, mkaribishe akae na uisome hadi mwisho.