Kwenda makaburini kuangalia maua: ni kosa?



Mwezi Mei, nikiwa masomoni Boston, rafiki yangu aliniambia, "Jumamosi twende makaburini tukaone maua." Nikadhani ananitania. Kwetu makaburini unaenda kuzika, au unaenda Novemba 2 na jembe, fagio na mishumaa. Huendi kutembea.

Nilienda. Panaitwa Mount Auburn, jirani na Boston, pameanzishwa mwaka 1831. Zamani hizo wafu wa mjini walizikwa wakibanana katika viwanja vidogo. Waanzilishi, pamoja na chama cha wakulima wa bustani cha Massachusetts, wakachagua eneo lenye vilima na mabwawa na kupanda miti na maua, ili wafu wapumzike na wafiwa wapate faraja. Kwa Marekani yalikuwa makaburi ya kwanza ya namna hiyo. Siku ile, baada ya miezi ya baridi na miti mitupu, azalea zilikuwa zimechanua kila upande, na watu walitembea polepole na darubini wakitafuta ndege.

Mimi nikapiga picha, nikapiga tena. Nilipoinamia ua moja ndipo nikaona jiwe dogo nyuma yake: mtoto wa miaka miwili. Kumbe nina saa nzima pale na sijamwombea mtu hata mmoja! Nikamkumbuka bibi yangu. Alizikwa nikiwa mbali, na kaburi lake sijaliona mpaka leo. Je, mgeni akimfanya bibi kuwa mandhari ya picha zake tu, nitajisikiaje?

Basi, ni kosa kufurahia maua makaburini?

Mwanafalsafa Epikuro alifundisha kwamba kifo si kitu kwetu: tukiwepo, hakipo, kikifika, sisi hatupo. Ukikubali hivyo, makaburi ni bustani kama nyingine, piga picha uende zako. Lakini hebu mwangalie mama anayepanda ua kwenye kaburi la mwanae. Yule hapambi udongo, anampenda mtu. Na Kanisa linamwambia hajakosea: katika ushirika wa watakatifu mwanae bado ni mtu, na kuwaombea marehemu ni tendo la huruma.

Wengine watasema makaburi lazima yatishe. Hao nao wasome Yohana sura ya 19 na 20. Bwana alizikwa bustanini, na asubuhi ya Pasaka Maria Magdalena alimdhania kuwa mtunza bustani. Yaani kaburi na bustani vilishakutana kabla ya Boston.

Kwa hiyo kufurahi si kosa. Kosa langu lilikuwa jingine. Kwetu ukiingia uani kwa watu bila hodi, hata kama umekuja kusifia maua yao, umekosa adabu. Mimi niliingia kwa watu maelfu bila hodi.

Nikaweka simu mfukoni. Nikasoma jina la yule mtoto kwa sauti, nikasali Raha ya milele kwa ajili ya waliolala pale, kisha kwa ajili ya bibi. Halafu nikayaangalia maua tena, bila haraka.

Ndugu yangu kijana, wiki hii ukipita karibu na makaburi, yenye maua au yenye magugu, usisubiri Novemba. Piga hodi.