Baba Hana Maziwa, Lakini Ana Neno



Wanaume wengi husema, "Kunyonyesha ni kazi ya mama. Mimi nitafanya nini?" Mimi pia nilisema hivyo.

Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na miezi 3, alilia usiku kucha. Asubuhi mama yangu mzazi akasema maziwa ya mke wangu ni mepesi, heri mtoto apewe uji. Mke wangu akanitazama, akingoja neno langu. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ninamheshimu mama. Uji ukapikwa. Baada ya siku chache mtoto akaanza kuhara, tukampeleka zahanati.

Muuguzi alitueleza nisilolijua. Maziwa huongezeka kadiri mtoto anavyonyonya. Akishibishwa uji hunyonya kidogo, na maziwa hupungua. Tena mama akijaa wasiwasi, maziwa hayatoki vizuri. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Je, kunyamaza kwangu kulikuwa heshima? Hapana, kulikuwa woga. Mbele ya altare tulifanywa mwili mmoja, nami nilimwacha mwenzangu peke yake. Kumheshimu mzazi hakumwondolei mume wajibu wake. Ningaliweza kusema kwa upole, "Mama, tumeshauriana, mtoto ataendelea na ziwa." Mama asingalidharauliwa, na mke wangu angalipata nguvu.

Basi, ndugu yangu, mkeo anaponyonyesha mletee chakula na maji ya kunywa. Mtoto akishiba, mpokee, umweke begani acheue. Waogeshe wale wakubwa. Ikiwa umeajiriwa, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inakupa likizo ya majuma 2 yenye mshahara kamili mkeo anapojifungua, itumie nyumbani. Nawe mama, mwambie mumeo unachohitaji, usimwache akibahatisha.

Mtoto wetu wa pili naye alilia usiku. Niliamka, nikawasha taa, nikampa mama yake amnyonyeshe. Asubuhi swali la uji lilipokuja, nilijibu mimi.

Mungu azibariki familia zenu.