Kodi ya Nyumba na Deni la Ugeni

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walisema pia, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Methali ya kwanza yamwona mgeni kuwa ni baraka, ya pili yamkumbusha kwamba baraka hiyo ina mpaka wake. Ukizipima vizuri utaona kwamba zote mbili zimesimama juu ya jambo moja: kati ya mgeni na mwenyeji pana deni. Mgeni hula asichokilima na hulala asipopajenga. Basi hulipa kwa habari anazozileta, kwa adabu anayoionyesha, na akikawia sana, hulipa kwa jasho lake shambani. Katika methali hizo fedha haikutajwa.

Siku hizi mambo yamegeuka. Msafiri aendaye katika mji asioujua, wala hana jamaa huko, aweza kupanga nyumba nzima kwa siku tatu au kwa juma zima. Hupewa ufunguo, akapika chakula chake mwenyewe, akatoka asubuhi kutembea katika mitaa ya kale, na jioni akarudi kama mtu arudiye kwake. Amelipa kila kitu. Swali ambalo nataka tulichunguze ni hili: je, mtu huyu bado ni mgeni? Akiisha kulipa kodi ya nyumba, deni la ugeni limekwisha, au liko pale pale?

Swali hili si la watalii peke yao. Lamhusu mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na kwao, mwanafunzi aliyepanga chumba karibu na shule, na mtumishi wa Serikali anayehamishwa kila baada ya miaka michache. Wote hao hulala katika nyumba za watu kwa fedha, nao huishi katikati ya historia wasiyoizaliwa.

Ili tusizungumze hewani, tuuchukue mji mmoja uwe mfano wetu. Mji huo ni Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Umejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Kaskazini yake umesimama Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960. Mvua hapa ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi yetu, na kwa hiyo migomba, chai na kahawa hustawi hata karibu na milango ya watu. Mgeni atafutaye mahekalu na minara mirefu hatayaona Tukuyu. Mambo ya kale ya mji huu ni madogo, tena yangali yakitumika. Aliyepanga nyumba mjini aweza kuyazunguka yote kwa miguu asubuhi moja, iwapo mvua itamruhusu.

Atayaona nini? Ataliona eneo la Boma, ambalo Wajerumani walilifanya makao ya utawala wao mwanzoni mwa karne ya 20, walipohama kutoka Langenburg, kando ya Ziwa Nyasa. Mji wenyewe waliuita Neu Langenburg, maana yake Langenburg Mpya. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka, nao wakautawala kutoka hapo hapo hadi uhuru wa 1961. Atayasoma pia majina ya mitaa na kata: Bulyaga na Makandana kwa upande mmoja, Bagamoyo na Msasani kwa upande mwingine. Mawili ya mwisho ni majina ya pwani. Yamesafiri mamia ya kilomita hadi kwenye baridi ya Rungwe, nayo yatuambia kwamba mji huu umepokea watu na maneno kutoka mbali kwa muda mrefu. Kwa hiyo mgeni wa leo si wa kwanza. Waliomtangulia ni wengi, na kila mmoja ameacha alama yake, njema au mbaya.

Hapo ndipo swali letu linapopata uzito. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, alipita katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, akavutiwa mno na unadhifu wa vijiji vyao, nyumba zao za mianzi na migomba iliyozizunguka. Mwaka 1891 wamisionari wa Kanisa la Moravian, Theodor Meyer akiwa mmoja wao, walianzisha kituo chao Rungwe, chini ya mlima. Baada ya msifuji na mhubiri akaja mtawala. Mwaka 1898 Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba katika koloni lao lote.

Tazama jinsi lugha yetu ilivyoihifadhi habari hiyo. Neno kodi lina maana mbili: ni fedha ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba, na ni fedha ambayo mtu huilipa dola. Mwaka ule wa 1898 maana hizo mbili ziligongana. Mtu aliyekata mianzi yake mwenyewe, akasimamisha nyumba yake mwenyewe juu ya ardhi ya babu zake, alianza kudaiwa kwa sababu ya kulala ndani yake. Kama hakuwa na rupia, ilimpasa aende akazitafute kwa kuwafanyia wengine kazi. Kwa maneno mengine, mgeni alijifanya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akafanywa mpangaji. Waingereza nao waliendelea kutoza kodi ya namna hiyo. Boma ambalo mgeni wa leo hulitazama kwa udadisi lilikuwa ndiyo nyumba ya mgeni yule aliyesahau kwamba ni mgeni.

Atasema mtu: "Mgeni wa leo hafanani na yule. Hakuja na bunduki. Hamtozi mwenyeji, bali yeye ndiye anayetozwa. Kodi sasa imerudi mahali pake." Hoja hii ina ukweli mwingi, wala si haki kuipuuza. Mama mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha hasomeshi watoto kwa methali. Fedha ya mpangaji humnunulia sare, madaftari na mabati. Tena malipo humwondolea mwenyeji mzigo, maana anayelala kwa fedha hamfanyi mtu alale njaa ili yeye ashibe. Kuna hata heshima ndani ya malipo yaliyo wazi: kila mmoja ajua anachotoa na anachopokea, hakuna anayesengenywa baadaye kwamba alikula bure.

Lakini na tuulize: fedha ile imenunua nini hasa? Imenunua kitanda, paa, maji na faragha ya usiku. Asubuhi mpangaji huyo atokapo mlangoni, hukutana na mama aendaye sokoni na mkungu wa ndizi kichwani, naye humwambia, "Ugonile." Hiyo ni salamu ya Kinyakyusa, na maana yake ni kumwuliza mtu kama amelala salama. Mwenye nyumba amelipwa kwa ajili ya kitanda. Mama huyu hakulipwa na mtu, ilhali ndiye aliyeuliza habari za usingizi. Salamu yake haimo katika kodi. Njia aliyomwonyesha mgeni haimo. Subira ya mzee anayeulizwa habari za zamani wakati ana shamba la kupalilia haimo. Vyote hivyo mgeni hupewa, wala hakuvinunua. Na kilichotolewa bila kununuliwa huacha deni la shukrani, liwe limetamkwa au la. Ndiyo sababu neno "ndaga," yaani asante, ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo mgeni wa Rungwe yampasa kujifunza.

Basi kosa la mpangaji asiyejijua ni kudhani kwamba ufunguo wa nyumba moja ni ufunguo wa mji. Huwapiga watu picha kama apigavyo picha miti. Huingia katika uwanja wa ofisi ambamo watu wana mashauri yao ya mashamba na ndoa, naye huwatazama kama sehemu ya maonyesho. Hatuwezi kumlinganisha na mtawala wa 1898 kwa ukatili, la hasha. Lakini wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja adhani kwamba kinachofikika ni chake.

Mila za Wanyakyusa zenyewe zatupa kipimo cha adabu inayotakiwa. Zamani vijana wa kiume walipofika umri wa miaka kumi hivi waliondoka kulala kwa baba zao, wakajenga vijiji vyao wenyewe, kila rika na kijiji chake. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliyachunguza maisha hayo katika miaka ya 1930. Waliona kwamba jambo lililothaminiwa sana ni ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa wema, kuzungumza, kula pamoja na kusaidiana. Kwa mawazo hayo mtu hapati busara akiwa peke yake. Huipata kwa kukaa na wenzake na kuwasikiliza. Kwa kipimo hicho, anayezunguka mji mzima bila kuzungumza na mtu ameziona kuta, mji hajauona.

Hata hivyo, deni si la mgeni peke yake. Mwenyeji naye adaiwa, na deni lake ni ukweli. Biashara ya wageni ina kishawishi chake: hadithi tamu huuzwa kuliko historia chungu. Kiasi cha kilomita 15 kutoka Tukuyu liko Ziwa Masoko, ambalo huitwa pia Kisiba, ndani ya shimo la volkano ya kale. Karibu nalo lipo jengo la mawe lililokuwa la askari wa Kijerumani, ambalo baadaye liliwahi kutumika kama mahakama. Husimuliwa kwamba Wajerumani walitupa mali na silaha zao ziwani kabla ya kukimbia. Simulizi hiyo yapendeza, na si vibaya kuisimulia kama simulizi. Lakini anayemsimulia mgeni habari za hazina majini, akaziacha habari za kodi, jasho na askari nchi kavu, amempa nusu ya mji. Na watoto wa mwenyeji, wanaosikiliza kando, hujifunza kwamba historia ya babu zao ni pambo la kumchekeshea mpangaji.

Tena mwenyeji adaiwa kuutunza mji wenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baada ya hapo huhitaji kutangazwa rasmi ndipo lipate ulinzi huo. Miji yetu mingi ya bara, Tukuyu ikiwa mmojawapo, ilikua baada ya mwaka huo. Kwa hiyo ulinzi wa nyumba zake nyingi uko mikononi mwa wenyewe. Twaweza kujifunza kwa wenzetu wa Unguja. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wageni waliongezeka. Nyumba nyingi zilikarabatiwa zikawa hoteli na nyumba za kulala wageni. Kuta zilipona, nalo ni jambo jema. Lakini nyumba ikiisha kuwa ya wageni tu, familia iliyokuwa ikiijua kwa majina ya vyumba vyake huwa imekwisha kuhama. Mgeni aliyekuja kuutazama mtaa wa watu aweza kuukuta mtaa wa wageni wenzake.

Mwisho, yafaa tukumbuke kwamba hata mwenyeji si mwenye mji wa milele. Wanyakyusa walikuwa na sherehe iliyoitwa ubusoka, ambayo kwayo kizazi cha baba kilikikabidhi kizazi cha wana uongozi wa nchi, na wazee wakasogea kuwapisha vijana. Waliokuwa wenye nchi jana walitoa nafasi leo, bila kulipwa kodi. Huo ulikuwa ukiri kwamba kila kizazi kimepewa nchi kuikalia kwa muda tu. Mpangaji wa siku tatu na mwenyeji wa miaka sabini watofautiana kwa urefu wa makazi yao. Kwa asili ya haki yao watofautiana kidogo kuliko wanavyodhani.

Jibu la swali letu basi ni hili. Kodi hulipa kitanda, na yapasa ilipwe kwa haki na kwa wakati. Deni la ugeni halilipwi kwa fedha. Mgeni hulilipa kwa salamu, kwa kuomba ruhusa, kwa kusikiliza historia yote pamoja na sehemu zake chungu, na kwa kutoipotosha arudipo kwao. Hilo ndilo jembe la siku ya tatu katika zama za wapangaji. Mwenyeji naye hulilipa lake kwa kuujua mji wake. Walimu na wanafunzi wana sehemu kubwa hapa: waulizeni wazee majina ya mitaa yenu yalikotoka, nani alijenga nyumba ipi na kwa jasho la nani, mkayaandike majibu yao wangali hai. Mgeni akija na kuuliza, asikute kwamba ninyi nanyi mnaishi katika mji msioufahamu, mkiwa wapangaji kama yeye.