Cheka Hata Bila Kichekesho

Mwaka 1995, jijini Mumbai, India, daktari Madan Kataria aliwakusanya watu wachache bustanini asubuhi ili wacheke tu. Walianza kwa kusimuliana vichekesho. Haikuchukua muda vile vizuri vikaisha, vikabaki vya matusi na vya kuwadhihaki wengine. Kataria akaamua: basi tucheke bila kichekesho. Wakajilazimisha, huku wakitazamana machoni, na kicheko cha kuigiza kikageuka cha kweli. Akakichanganya na pumzi ndefu za yoga, na leo vikundi vya namna hiyo vipo katika nchi nyingi.

Mimi kicheko cha kujilazimisha hunitia shaka kidogo, hasa kabla ya chai. Pumzi, hapo sina ubishi. Ukitoa hewa polepole kuliko ulivyoivuta, moyo hupunguza kasi. Na kucheka nako ni kutoa hewa kwa mikupuo. Haya hayaponyi shinikizo la damu, dawa zako endelea kumeza. Ila wewe uliyebanwa kwenye daladala sasa hivi, vuta hewa kwa pua, itoe taratibu, kisha mchekeshe aliye jirani yako.