Baba, Mbona Wewe Pia Umesimama?

Somo: Luka 2:41-52



Luka anatuambia wazazi wa Yesu walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Huwa tunapita hapo haraka kwa sababu tunataka kufika hekaluni, kwa wale walimu. Lakini leo tusimame hapo kwanza. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, na matatu hazikuweko. Ni mwendo wa siku kadhaa, na mwisho ni kupanda milima. Kijana wa miaka 12 aliuweza kwa sababu alikuwa katikati ya watu wanaotembea. Hakuna mahali tunasoma Yusufu akimwambia, "Wewe nenda, mimi nitakungoja hapa kwa kiti."

Sasa niwaambie ya nyumbani kwangu. Mama watoto amenipa ruhusa.

Juzi tulienda hospitali kumwombea mshirika aliyelazwa orofa ya tatu. Tukapanda ngazi. Kufika orofa ya pili, kijana wangu wa miaka tisa akasimama, anahema. Nikamkemea palepale: "Unaona? Hiyo ni simu na katuni! Kuanzia kesho utatoka nje ucheze." Akaniangalia, wala si kwa utovu wa adabu, akauliza, "Baba, mbona wewe pia umesimama?"

Nilikuwa nimeshikilia ukuta. Chekeni, lakini mimi sikucheka.

Kutoka kwangu hadi hapa kanisani ni dakika 15 kwa mguu, na kila siku naita boda. Jioni nikifika nyumbani ni kiti na rimoti, halafu, "Kijana, niletee maji. Niletee chaja." Mazoezi ambayo mtoto wangu alikuwa anapata ni yale ya kunihudumia!

Dada mmoja muuguzi hapa kanisani alinieleza utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1991, uliofanywa katika mji wa Framingham. Watoto 100 wa miaka 4 hadi 7 walifungwa vifaa vya kupima mwendo, na wazazi wao pia. Mtoto ambaye mama yake hujishughulisha alikuwa na uwezekano mara 2 zaidi wa kuwa mchangamfu wa mwili. Akiwa ni baba, mara 3.5. Wakiwa wote wawili, mara 5.8 kuliko mtoto ambaye wazazi wake wote wamekaa tu. Ni utafiti mmoja, na watoto si wengi. Lakini kina baba, hiyo namba yenu mmeisikia?

Najua kuna ndugu ameshafungua 1 Timotheo 4:8. Ndiyo, Paulo anasema mazoezi ya mwili yana faida kidogo, na analinganisha na utauwa. Lakini kidogo si bure. Na huyo Paulo anayeandika alizunguka nchi ngapi kwa miguu yake?

Na wewe mama unayeamka saa kumi alfajiri kwenda kununua mboga sokoni, unarudi na gunia mgongoni, usiongezewe mzigo na neno hili. Umeshatembea, mama. Mimi nasema na sisi wa viti, sisi tunaomkemea mtoto kwa kitu tulichomfundisha wenyewe. Imani ya Timotheo ilikaa kwanza kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Aliiona nyumbani. Basi hata uvivu unaonekana nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Kuja kanisani na kurudi ni nusu saa. Kwa hivyo sasa tunakuja kwa mguu, familia yote. Jumapili ya kwanza nilifika nimelowa jasho, na mzee wa kanisa akaniuliza kama niko salama.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, nikashika simu niite boda. Kugeuka, kijana yuko mlangoni, amevaa viatu, mkononi ana mwavuli wa mama yake. Nikairudisha simu mfukoni.